Makaa ya Mia Mia: Taarifa ya Simu Yako Inasema Nini Kuhusu Jikoni Kwako?

Mwezi ukiwa kona, swali huwa ni moja karibu kila nyumba: pesa zilienda wapi? Mama yangu aliniuliza swali hilo Jumapili moja nilipomtembelea Limuru. Na kwa vile nafanya kazi kwenye kampuni ya pesa za simu, aliniuliza kana kwamba mimi ndiye nilizitoa. "Si wewe ni mtu wa simu? Hebu niambie pesa zangu mnazipeleka wapi."

Basi tukaketi na simu yake. PIN aliingiza mwenyewe, mimi nikiwa nimegeuka naangalia dirishani (ndio, hata mimi mtoto wake, na wewe pia usimwonyeshe mtoto wako). Tukaomba taarifa ya miamala ya mwezi mzima, tukachukua daftari na kalamu, tukaanza kupanga: chakula huku, nauli huku, michango ya kanisa na ya mazishi huku. Nilidhani michango ndiyo imekula pesa. Wapi! Jina lililojirudia kuliko yote lilikuwa la jamaa wa makaa. Mia moja. Mia moja. Mia moja. Mara 24 kwa mwezi mmoja, yaani shilingi 2,400, na juu yake 1,300 za kujaza gesi.

Sasa, hiyo gesi nilimnunulia mimi. Meko mpya ya kilo 6, Krismasi ya mwaka niliopata kazi, hadi nikapiga picha. Kichwani mwangu mama alikuwa ameachana na makaa kitambo. Nikamuuliza, "Mama, si uko na gesi?"

"Gesi ni ya chai na mayai. Sasa githeri utaipika na gesi? Itakaa siku ngapi?"

Nimefikiria jibu hilo sana, kwa sababu sisi tunaoandika kuhusu kutunza mazingira hupenda kumwambia mtu anunue kitu kipya. Nunua jiko hili, nunua mtungi ule. Na watu wananunua. Halafu kile kitu kipya kinakaa juu ya meza kikipika chai, na nyuma ya nyumba makaa yanaendelea kama kawaida. Nyumba nyingi Kenya ziko hivyo: gesi na makaa pamoja, au gesi na kuni. Kinachoamua kama makaa yatapungua ni kile chakula kinachokaa motoni saa tatu.

Anza na hesabu, si na duka

Kabla hujanunua chochote, fungua taarifa yako ya mwezi mmoja uliopita. Unaweza kuiomba kwenye programu ya simu au kwenye menyu ya kawaida. Tafuta majina manne: mtu wa makaa au kuni, duka la gesi, tokeni za stima, na mtu wa mafuta ya taa kama bado unayatumia. Jumlisha kila moja peke yake. Usikadirie kwa kichwa, kwa sababu kichwa hukumbuka zile 1,300 za gesi kwa uchungu na kusahau mia mia zote.

Kama muuza makaa wako analipwa taslimu, mwombe namba yake ya biashara umlipe kwa simu kwa mwezi mmoja tu. Si lazima iwe milele. Unataka jina lake litokee kwenye taarifa kila unaponunua, ili mwisho wa mwezi usibishane na kumbukumbu. Kama hana namba ya biashara, weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Hiyo nayo ni teknolojia.

Turudi Limuru. Mkebe anaonunua mama ni ule wa rangi wa lita 4. Tuliupima kwa mizani ya mama mboga: makaa yake yalikuwa kilo moja na kidogo. Kwa hivyo mwezi ule nyumba moja, yenye watu watatu, ilichoma karibu kilo 24 za makaa. Na makaa hayaoti yakiwa makaa. Kwenye tanuru la udongo la kienyeji, kilo moja ya makaa hutoka kwenye kilo 5 hadi 10 za kuni, kutegemea mti na ustadi wa mchomaji. Yaani jiko la mama yangu lilikula kati ya kilo 120 na 240 za mti kwa mwezi, na yeye hajawahi kushika panga.

Miti hiyo kwa kawaida haitoki Limuru. Makaa mengi ya mijini hutoka sehemu kavu, kwenye migunga ambayo huchukua miaka mingi kurudi. Ndiyo maana Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, na mwezi Februari mwaka huohuo serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Bei ikapanda, mkebe ukapungua, lakini watu hawakuacha kupika maharagwe.

Sufuria ya maharagwe ndiyo inaamua

Hebu tupige hesabu ya githeri moja. Kichomeo cha kawaida cha gesi, cha kilowati 2, kikiwaka vizuri hutumia karibu gramu 150 za gesi kwa saa. Githeri kavu isiyolowekwa ikikaa saa tatu, hiyo ni gramu 450. Kama kilo 6 zimekugharimu 1,300, kila gramu 100 ni kama shilingi 22, kwa hivyo githeri imekula karibu shilingi 97.

Na kwa makaa? Mkebe mmoja. Shilingi 100.

Nilimwonyesha mama hesabu hii akaniambia nirudie. Nikarudia. Tofauti ni shilingi tatu! Lakini kuna kitu nilikuja kuelewa: mama hakuwa amekosea kuogopa gesi. Mia moja hupatikana. 1,300 kwa mkupuo mmoja, mtungi ukiisha tarehe 19 na mshahara au pesa za maziwa ni mwisho wa mwezi, hizo hazipatikani. Mtu hachagui makaa kwa sababu ni rahisi kwa jumla. Anayachagua kwa sababu yanauzwa kwa kipimo cha pesa alizo nazo leo.

Kwa hivyo kazi ni mbili. Ya kwanza, kupunguza moto unaohitajika na sufuria ile. Ya pili, kuzigeuza zile 1,300 ziwe pesa ndogo ndogo. Tuanze na ya kwanza, maana sehemu yake kubwa ni ya bure.

Loweka. Najua umeambiwa, na bibi yako pia aliambiwa. Lakini fanya: maharagwe, njahi au mahindi makavu yakilala kwenye maji usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine. Kwa maharagwe mekundu kuna sababu nyingine: yana sumu ya asili ambayo huumiza tumbo vibaya, na huondoka kwa kulowekwa na kisha kuchemshwa kwa nguvu angalau dakika 10. Kuyapasha tu moto hakutoshi.

Funika. Hili watu hulichukulia kama usafi, kumbe ni pesa. Kila lita ya maji inayopotea kama mvuke imekula joto zaidi ya mara sita ya lile lililoitoa kwenye baridi ya bomba hadi ikachemka. Sufuria iliyo wazi inapasha moto paa. Na ikishachemka, shusha moto. Maji yanayotokota kwa fujo na maji yanayochemka polepole yana joto lilelile, kwa hivyo maharagwe hayaivi haraka kwa sababu umeongeza makaa. Unachoongeza ni mvuke.

Halafu kuna jambo la milima ambalo shuleni tulilisoma kwa mtihani tukalisahau. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi ni kama 94 au 95. Limuru, juu zaidi, ni karibu 93. Ndiyo maana maharagwe yaleyale yanaiva Pwani wakati huku kwetu bado yanagonga sufuria. Si uchawi na si mbegu mbaya. Maji ya huku hayafiki moto ule.

Hapo ndipo sufuria ya presha, ile wengi tunaiita presha kuka, inapojilipia. Inafunga mvuke ndani, na joto linapanda hadi kati ya nyuzi 115 na 120, hata ukiwa Limuru. Githeri iliyolowekwa inahitaji kama dakika 15 za moto mkubwa hadi presha ishike, kisha kama dakika 50 za moto mdogo kabisa. Kwa meko ya mama hiyo ni takriban gramu 100 za gesi. Kutoka shilingi 97 hadi 22, chakula ni kilekile.

Mama aliiogopa. Wengi wanaiogopa, na si bure, kwa sababu ikitumiwa vibaya inaweza kuunguza mtu. Usiijaze zaidi ya nusu ukipika nafaka kavu, hakikisha kitundu cha mvuke ni kisafi kabla ya kufunga, na usiilazimishe kufunguka. Ikiwa bado imeshika presha, iache. Na ukinunua, chukua yenye mpira wa akiba, maana mpira ndio huharibika kwanza.

Kapu la godoro

Kama huna pesa za presha kuka mwezi huu, kuna njia ambayo vikundi vya akina mama vimeifundisha kwa miaka mingi. Chukua kapu kubwa au ndoo. Zungushia ndani mabaki ya godoro, pamba au nguo kuukuu, unene wa mkono uliokunjwa. Tengeneza mto wa kufunika juu. Chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa nguvu kama nusu saa, kisha sufuria ikiwa bado inatokota na imefunikwa, itie ndani ya kapu, funika na mto, uende zako shambani au kazini. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yameendelea kuiva kwa joto lake yenyewe.

Kwa mchele ni rahisi zaidi: ukichemka dakika chache tu, kapu linamalizia. Uji wa asubuhi pia. Masharti ni mawili. Usifungue fungue kuchungulia, na kabla ya kula chemsha tena, hasa kama chakula kimekaa muda mrefu, kwa sababu chakula cha vuguvugu ni nyumba ya bakteria. Huku kwenye baridi huenda ukahitaji kukirudisha motoni kidogo kikamalizike. Kapu halitumii stima, halitoi moshi, na ukinunua godoro kuukuu mtaani halikugharimu mengi.

Makaa yanayobaki

Sitakudanganya kwamba utaacha makaa kesho. Kwa hivyo yale utakayochoma, yachome vizuri. Kama bado unatumia jiko la bati tupu, badilisha upate lile lenye udongo ndani, lenye kiuno kama kibuyu. Jiko hili lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likiwa limechukuliwa kutoka kwa majiko ya Thailand, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo ni miongoni mwa waliolifanya kuwa biashara. Linapunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na la bati. Kagua udongo kabla ya kulipa: ukiwa na ufa mkubwa, joto linapita hapo. Na ukimaliza kupika, usiyaache makaa yajiishie. Yazime kwa majivu au kwa kuyafunika kwenye mkebe, utayatumia kesho.

Hapa lazima niseme jambo zito kidogo. Limuru mwezi Julai ni baridi ya kuuma, na watu huingiza jiko ndani ya nyumba, wengine hadi chumba cha kulala, wakafunga mlango. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mtu hulala asiamke. Makaa yakionekana mekundu safi yasiyo na moshi ndipo watu hudhani ni salama, kumbe gesi hiyo bado inatoka. Jiko likae nje au mahali penye hewa, na lisilale ndani hata kama limebaki na makaa mawili. Kuhusu moshi wa kila siku, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mara nyingi anayekaa karibu na jiko ni mama, na mgongoni kuna mtoto.

Gesi, tokeni, na malipo ya polepole

Tukija kwenye kazi ya pili. Mtungi wa mama sasa unakaa kama siku 24. Ukigawanya 1,300 kwa 24 unapata kama shilingi 54. Kwa hivyo tumefungua akiba kwenye simu yake, tukaipa jina Gesi, na kila jioni anaweka 55. Siku akikosa, anaweka 110 kesho yake. Mtungi ukiisha, pesa ziko. Mia ya makaa aliizoea. 55 hata haimshtui. Kama huduma yako ya akiba ina kufuli la tarehe, tumia kwa uangalifu, kwa sababu gesi haikungojei tarehe.

Ukinunua gesi, angalia mambo mawili. Ubavuni au kwenye shingo ya mtungi kuna uzito wake ukiwa mtupu. Mwambie muuzaji aupime, toa ule uzito, ujue umelipia gesi kiasi gani. Pili, usikubali mtungi uliojazwa vichochoroni, hata kama ni rahisi kwa mia mbili. Usiku wa Februari 1, 2024, Embakasi ilitufundisha kwa machungu gesi iliyo mahali isipofaa hufanya nini. Lipa kwa namba ya biashara ya duka, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na utunze ule ujumbe. Mtungi ukiwa na kasoro, ujumbe ndio risiti yako.

Niseme ukweli: gesi si malaika. Ni zao la mafuta ya petroli na inaagizwa kutoka nje. Ni safi kuliko makaa kwa mapafu yako na kwa mgunga wa Kitui, lakini kama una stima ya kuaminika, sufuria ya presha ya umeme ni bora zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya stima yetu hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Watu huogopa kuona wati 1,000 zimeandikwa ubavuni, lakini haiwaki muda wote. Ikishashika joto inajizima na kujiwasha. Maharagwe ya nyumba hula chini ya yuniti moja, mara nyingi kama nusu tu. Kujua hiyo ni shilingi ngapi, fungua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni na ugawanye pesa kwa yuniti. Ukilipa 500 ukapata yuniti 18, yuniti ni kama 28, kwa hivyo maharagwe yamekula shilingi 14 hivi. Rudia hesabu hii kila mara, kwa sababu bei ya yuniti hubadilika.

Sufuria hizi, na mitungi yenye mita, siku hizi huuzwa kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Ni kitu kizuri, na nimesomea masoko, kwa hivyo najua pia jinsi tangazo linavyoandikwa. "Shilingi 30 tu kwa siku" ni ukweli ambao haujamalizika. Tuseme unalipa 1,000 mwanzo, kisha 30 kwa siku 300. Hiyo ni 10,000 kwa jumla. Kama dukani kitu hichohicho ni 7,000, unalipia mkopo shilingi 3,000. Huenda bado inafaa, hasa kama hiyo 7,000 haitakusanyika kamwe. Lakini uliza maswali haya kabla ya kulipa amana: jumla ni ngapi, siku ngapi, nikikosa wiki moja kitazimwa au kitachukuliwa, na nikimaliza kinakuwa changu kabisa? Jibu liandikwe.

Na wewe uliyepata ujumbe kwamba umechaguliwa kupewa jiko la bure la mradi wa mazingira, "tuma 350 ya usajili": usitume. Jiko la bure halina ada ya usajili. Wakikupigia wakitaka PIN au ile namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe, kata simu, kisha ripoti namba hiyo kwa huduma ya wateja ya mtandao wako. Ukiwa tayari umetuma, piga mara moja, usingoje asubuhi. Dakika za kwanza ndizo zenye nafasi ya kuzuia pesa kabla hazijatolewa.

Na maganda je?

Hii sehemu ni fupi kwa sababu ni rahisi. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vinavyooza: maganda ya viazi, shina za sukuma, mabaki ya ugali. Vikienda Dandora vikachanganyika na plastiki, vinaoza bila hewa na kutoa methani, na jaa hilo lilitangazwa kujaa tangu mwaka 2001. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka utenganishe taka zinazooza na zisizooza ukiwa nyumbani. Ndoo mbili zinatosha. Kama una shamba au hata magunia ya sukuma kwenye ploti, ndoo ya kwanza ni mboji. Kama huna, muulize jirani mwenye kuku au nguruwe, mtaelewana. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba na landilodi atakukumbuka.

Chakula kinachotupwa pia kimepikwa kwa moto. Kwenye taarifa ya mama tuliona mia mbili za nyanya kila Jumamosi, na kila Alhamisi alikuwa akitupa zile laini. Sasa ananunua za hamsini mara mbili kwa wiki, kwa kikapu chake cha kiondo. Mara hii kununua kidogo kidogo kukawa ndiyo akili.

Mwezi uliofuata

Presha kuka ilitugharimu 3,500. Mwezi uliofuata tukafungua taarifa tena, mimi dirishani kama kawaida. Jamaa wa makaa alitokea mara 9, shilingi 900. Gesi, ukiihesabu kwa siku 30, ilipanda kutoka 1,300 hadi kama 1,625. Jumla 2,525, kutoka 3,700. Kwa kasi hiyo sufuria inajilipa ndani ya miezi mitatu, na kilo 15 za makaa hazikuchomwa, yaani angalau kilo 75 za mti zilibaki zimesimama mahali fulani.

Jamaa wa makaa amempigia mama kumuuliza kama alihama. Hajahama, amemwambia, na bado ataendelea kununua. Nilipouliza zile mara tisa ni za nini, akasema sita ni za kuchemsha maji ya kuoga na tatu ni za chapati. Maji ya kuoga tutayaangalia mwezi ujao. Kuhusu chapati, amesema ya gesi ni ya watu wa Nairobi, na hapo nimenyamaza.